Kabla ya Cheti, Pandeni Darini: Waraka kwa Wanaokopesha Nyumba za Pwani

Ushongo,
Wilaya ya Pangani,
Mkoa wa Tanga.

Kwa wakuu wa idara za mikopo ya nyumba katika benki zetu, pamoja na wathamini mnaowatuma huku.

YAH: MCHWA, CHETI CHA DAWA NA DHAMANA YENU

Waheshimiwa,



Kwanza niwape haki yenu. Mtu akija kwenu kutaka mkopo wa kununua nyumba, hamumwachii mwanya. Mnataka hati, mnataka upekuzi wa hati hiyo ofisi ya ardhi ili mjue kama haijafungwa na deni jingine, mnataka stakabadhi za pango la ardhi, kibali cha ujenzi, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, ridhaa ya mke au mume kwa maandishi, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto ya jengo. Sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Nchi hii iliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, na kufikia 1995 ilikuwa imezama pamoja na mikopo yake isiyorudi. Baada ya hapo mtu wa kawaida alijenga tofali kwa tofali, kwa fedha ya mkononi, hadi ilipokuja sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 na TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo, mwaka 2010. Anayeyakumbuka hayo hawezi kuwalaumu kwa kuuliza maswali mengi.

Ninalowalaumu ni swali msilouliza. Katika orodha ya masharti niliyokabidhiwa, neno mchwa halimo. Moto mmeutengea bima, na ni haki, hasa huku kwenye mapaa ya makuti. Mchwa, ambaye mara nyingi yuko chini ya kiwanja kabla ya mnunuzi na kabla ya nyumba yenyewe, hamkumpa hata mstari. Na bima mnayoilazimisha haimgusi: bima za majengo kwa desturi hukataa kulipia uharibifu wa polepole, yaani wadudu, kuoza na kuchakaa. Dari ikianguka kwa moto, mteja wenu ana mahali pa kukimbilia. Ikianguka kwa mchwa, hana, na deni lenu linaendelea kumhesabia miezi.

Miezi yenyewe ni mingi. Mkopo wa nyumba hapa nchini unaweza kufika miaka 20 au 25, kwa riba ambayo taarifa za Benki Kuu zimekuwa zikiitaja kati ya asilimia 13 na 19, na soko lote la mikopo hii bado halijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Maana yake ni kwamba nyumba moja iliyonunuliwa kwa mkopo katika kijiji kama hiki ni jambo geni, na kijiji kizima kinaitazama. Ikimharibikia mwenyewe, majirani hawataulizia riba yenu wala fomu zenu. Watarudi kwenye tofali moja moja, na sitakuwa na la kuwaambia.

Kwa wasiopajua, Ushongo iko kusini ya mto Pangani. Ukishavuka mto kutoka mjini unashuka na barabara ya pwani hadi kwenye mchanga na minazi, nyumba za wavuvi na hoteli ndogo za ufukweni. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo pamoja na daraja la mto Pangani zinawaleta wanunuzi wapya, na madalali wameshaanza kulitaja daraja kila wanapotaja bei. Ardhi kubwa hapa ni ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hayo mnajua kuyauliza, msiache kuyauliza. Lakini nyumba mnazozipokea kuwa dhamana zimejengwa kwa vitu vinavyolika. Boriti za mikoko, fito, makuti, kenchi za paini, miimo ya milango ya mbao laini iliyopakwa vanishi ing'ae siku ya kuuzwa.

Mchwa wanaokula nyumba huku ni wa namna mbili, na fomu yoyote isiyowatenganisha itawapoteza ninyi na mteja wenu.

Wa kwanza ni mchwa wa ardhini. Kiota chao kiko udongoni, mara nyingine chini ya kichuguu kinachoonekana shambani, mara nyingine pasipo na alama yoyote juu. Hawavumilii hewa kavu wala mwanga, kwa hiyo wakitaka kupanda hujenga kijia cha udongo, chembamba kama penseli, kutoka kwenye msingi hadi kwenye mbao. Hupenya penye ufa wa jamvi, pembeni ya bomba la maji, nyuma ya lipu iliyoachana na ukuta. Wengi wa hawa wa Afrika ni wakulima: mbao wanayoitafuna huwa mbolea ya ukungu wanaoulima ndani ya kiota, na baadhi ya ukungu huo ndio unaotupa uyoga wa vichuguuni baada ya mvua. Malkia wao hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Fundi akichimba kichuguu na kumtoa malkia, mara nyingine kazi imekwisha, mara nyingine kundi humweka mwingine au lilikuwa na zaidi ya mmoja tangu mwanzo.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu. Huyu hana haja na udongo. Huishi ndani ya mbao ileile anayoila, yeye na ukoo wake, na unyevu wa hewa ya pwani unamtosha. Hajengi kijia. Alama yake ni kinyesi: chembe ndogo ngumu, zenye pande sita ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, zinazodondoka kutoka kwenye kitobo na kujikusanya juu ya kabati au chini ya dirisha. Mwenye nyumba huzifagia kila asubuhi akidhani ni mchanga wa miguuni. Kuna na fukusi wa mbao, ambaye si mchwa kabisa, na yeye huacha unga laini badala ya chembe.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha iende wapi. Dawa inayomwagwa ardhini huikinga nyumba na mchwa wa ardhini. Kwa mchwa aliye ndani ya boriti, mita tatu juu ya sakafu, haifanyi lolote. Na kupiga sindano mbao za paa hakuwazuii wanaopanda kutoka msingini.

Mpwa wangu, mwalimu, alinunua nyumba hapa kwa mkopo. Mthamini aliona kijia cha udongo kwenye ukuta wa jiko, akakiandika, na kwa hilo namshukuru. Benki ikajibu kwa sharti moja: muuzaji alete cheti kwamba nyumba imepigwa dawa. Hakuna aliyeuliza ni mchwa gani, kaingilia wapi, kafika wapi. Fundi akaja na bomba la mgongoni, akazunguka kuta kwa nje, akapuliza mpaka lipu ikalowa, akaandika cheti na kupokea fedha yake. Cheti kikaingia kwenye faili, mkopo ukatoka. Msimu wa masika uliofuata kumbikumbi walitoka ndani ya boriti za sebuleni, wakaacha mabawa yao chini ya taa. Boriti zilipogongwa kwa mpini wa bisibisi zikaitika kwa mlio wa uwazi. Leo mpwa wangu analipa benki kila mwezi na seremala kila msimu, na cheti kimo kwenye faili, kisafi, kina muhuri. Benki hiyo siitaji, wala fundi simtaji, kwa kuwa utaratibu huo nimeuona zaidi ya mahali pamoja.

Cheti kile kilimlinda nani? Naomba mlijibu swali hilo ninyi kwa ninyi, kwenye kikao chenu. Mteja hakikumlinda. Dhamana yenu hakikuilinda. Kilimlinda afisa, asije akaulizwa.

Hebu tuhesabu pamoja, maana hesabu ndiyo kazi yenu. Lebo nyingi za dawa ya kuzuia mchwa chini ya jamvi hutaka lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, mbali na ile inayoingia kwenye mfereji wa pembezoni mwa msingi. Nyumba ya mita za mraba 100 inahitaji basi lita 400 hadi 500 chini ya sakafu peke yake. Bomba la mgongoni hubeba lita 16 hivi. Ni mabomba 25 kwa uchache. Fundi aliyekuja na bomba moja akamaliza kabla ya adhuhuri amelowesha ukuta tu. Afisa wenu anaweza kuitambua kazi ya namna hiyo bila kusomea wadudu. Aulize maji yametoka wapi na ni madumu mangapi, aone makopo matupu, asome lebo.

Na kuna saa ya kuifanya kazi hiyo: kifusi kimeshashindiliwa, zege la jamvi halijamwagwa, mvua haipo. Saa hiyo ikipita, haipatikani tena kwa bei ileile. Jamvi likishakauka, njia iliyobaki ni kutoboa sakafu kwa drili kandokando ya kuta, kusukuma dawa chini, kuziba matundu, kubadilisha vigae vilivyopasuka, na hata hivyo hujui kama imeenea. Ninyi mnapokopesha ujenzi mnatoa fedha kwa awamu: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, umaliziaji. Kila awamu mnamtuma mtu wa kupiga picha. Mngemwambia apige na picha ya kifusi siku ya dawa, mngekuwa mmeokoa zaidi ya kinachookolewa na muhuri wowote. Apige pia picha ya kilichomo ndani ya kifusi. Mafundi wetu huacha humo vipande vya mirunda na mbao za kufungia zege, na visiki vya minazi iliyokatwa having'olewi. Tunamwekea mchwa chakula chini ya sakafu, halafu tunanunua sumu ya kumkataza kula.

Sasa nisemee sumu yenyewe, maana hapa ndipo ninapowaomba zaidi muwe waangalifu.

Zamani jibu la mchwa lilikuwa aldrini na dieldrini. Zilidumu udongoni kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo zikaingia kwenye mafuta ya samaki na maziwa ya mama. Zilizuiwa chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania iliuridhia 2004. Mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuiingiza na klorpirifosi katika orodha, ingawa matumizi kadhaa yalipewa msamaha. Dawa zinazotumika zaidi leo haziko sawa. Zile za jamii ya pareto ya kutengenezwa, kama bifenthrini na sipamethrini, humfukuza mchwa: anazihisi, anageuka, anatafuta penye mwanya. Ukiacha mwanya wa upana wa kidole kwenye kona moja, utampokea kwenye kona hiyo. Fipronili na imidaklopridi hazimfukuzi. Anapita humo bila kujua, anarudi kwa wenzake, anakufa baadaye, na huenda amewaambukiza. Kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, ambako kinga kamili haiwezekani, tofauti hiyo ni kubwa. Cheti kinachosema tu "imepigwa dawa" hakiisemi.

Ushongo ni mchanga. Mchanga hauishiki dawa kama mfinyanzi. Mvua huishusha, na chini yetu kuna visima vifupi ambavyo watu wanakunywa. Bifenthrini na ndugu zake ni sumu kali kwa samaki na kamba. Tena ufukwe huu ndiko mayai ya kasa yanayotagwa Kisiwa cha Maziwe huhamishiwa, kwa kuwa kisiwa chenyewe hufunikwa na maji wakati wa bamvua na viota vingezama. Watu wa hapa wamejitolea kuvilinda viota hivyo. Afisa aliye mjini anapoandika sharti la dawa bila kuuliza kisima kiko umbali gani na nyumba iko umbali gani na ufukwe, anaamua juu ya mambo ambayo hakuyaona, na wanaobeba matokeo hawamo kwenye mkataba wa mkopo.

Viuatilifu vya nchi hii husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi za taasisi ya Arusha tuliyoizoea kwa jina la TPRI baada ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Kwa hiyo kuna mahali pa kuuliza. Cheti kisichotaja jina la dawa, namba yake ya usajili, kiasi kilichochanganywa, sehemu ilipowekwa na jina la aliyeiweka, kirudisheni. Huku dawa huuzwa hata ndani ya chupa ya maji isiyo na lebo, na anayeipuliza hana glovu wala barakoa. Mkiipokea kazi hiyo na kuigongea muhuri, mmeihalalisha.

Kwa mchwa wa mbao kavu njia ni nyingine, na mara nyingi ni ya seremala kuliko ya mpulizaji. Mbao iliyoliwa sana hutolewa. Iliyoanza kuliwa hupigwa sindano kwenye vitobo. Mbao tupu, isiyo na rangi wala vanishi, hunywa chumvi za boroni, lakini chumvi hizo huoshwa na mvua, basi zinafaa ndani ya nyumba na si kwenye nguzo ya baraza. Huko Florida na California huifunika nyumba nzima kwa turubai na kuijaza gesi ya salfurili floridi. Gesi huwaua waliomo, ila haiachi kinga yoyote, na kumbikumbi wa mwaka ujao wanaweza kuanza upya. Kwa nyumba ya makuti ya Ushongo sioni hata turubai lingefungwa wapi. Chambo navyo, vile vya heksaflumuroni vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1995, vimefanya kazi nzuri kwa mchwa wa kule. Hawa wetu wanaolima ukungu mara nyingi huvipuuza. Akija mtu kuwauzia chambo kama sharti jipya la mkopo, mwulizeni kwanza kimejaribiwa kwa mchwa gani.

Mbao za dawa ni jambo jema, zikiwa za dawa kweli. Dawa ya kweli huingizwa kwa shinikizo ndani ya mtungi. Rangi ya kijani peke yake si ushahidi, kwa kuwa rangi hupakwa kwa brashi. Kata ncha ya ubao uone kijani kimeingia hadi wapi. Na kila ncha iliyokatwa na fundi juu ya paa inahitaji kupakwa upya, maana hapo ndipo mlango wa mchwa ulipofunguliwa. Vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni: nyingi za mbao hizo zina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake si wa kupikia. Oili chafu, ambayo mafundi wetu hupaka kwenye nguzo, humchelewesha mchwa kwa muda, kisha hutiririka kuelekea kisimani. Siipendekezi kwa mtu yeyote.

Yaliyo bora kabisa hayana harufu wala cheti. Msingi ubaki wazi kiasi cha shubiri moja kuzunguka nyumba, bila udongo wala maua yaliyorundikwa, ili kijia kikianza kupanda kionekane. Kuni zisiegemezwe ukutani. Bomba linalovuja lizibwe. Mwenye nyumba azunguke nyumba yake baada ya masika na baada ya vuli, akitazama chini. Haya hayauziki, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayekuja ofisini kwenu kuyatetea.

Mtaniambia kwamba wenzenu wa nje wanadai vyeti. Tuangalie wanachodai hasa. Marekani, mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na idara ya maveterani, katika maeneo yenye mchwa wengi, hutaka ripoti ya ukaguzi wa wadudu wanaokula mbao, na ripoti hiyo hukubalika kwa siku 90 tu. Mikopo inayodhaminiwa na FHA, mamlaka ya nyumba ya huko, iliacha mwaka 2005 kudai ukaguzi huo kwa kila nyumba. Huudai pale dalili zinapoonekana, au sheria na desturi ya eneo inapotaka. Wanaanza na ukaguzi, na dawa hufuata ukaguzi ukiipa sababu. Ninyi mmeruka hatua ya kwanza mkashika ya pili. Nao wana kilema chao: mara nyingi anayekagua ni kampuni ileile inayouza tiba, na mkaguzi anayeishi kwa kuuza dawa huona haja ya dawa kila anapotazama. Tusikirithi kilema hicho. Anayekagua nyumba ya Ushongo asiwe anayepokea fedha ya kuipulizia.

Nina hofu moja, na sitaki kuificha. Mkilisikia ombi langu vibaya, mtaongeza mstari unaosema nyumba yenye mchwa haikopesheki. Hapo mtakuwa mmeharibu zaidi. Muuzaji atafagia vijia asubuhi ya ukaguzi na kupaka chokaa juu yake. Nyumba za zamani za Pangani mjini, zile za mawe zenye vyumba vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, zitakosa mkopo zote, na zitaendelea kubomoka zikiwa na wenyewe ndani. Mchwa ni jambo la kukadiria gharama, kama mnavyokadiria paa lililochakaa. Andikeni: boriti kadhaa zibadilishwe, sehemu hii ya msingi itibiwe, gharama ni hii. Punguzeni katika bei, au zuieni sehemu hiyo ya fedha ya muuzaji mpaka kazi ikamilike na mkaguzi arudi. Na ada ya ukaguzi msiitupe yote kwa mnunuzi, ambaye ndiye pekee katika biashara hii asiye na fedha siku hiyo.

Nanyi wathamini, ndugu zangu. Sheria ya 2016 iliwapa bodi na hadhi. Ripoti zenu nyingi huwa na aya isemayo kwamba hamkukagua mbao zilizofunikwa au zisizofikika, na kwamba hamwezi kuthibitisha kama ziko salama na kuoza au wadudu. Aya hiyo ni ya kweli na nawapongeza kwa ukweli wake. Lakini iko mwishoni, na mwanzoni mmeandika "hali ya jengo: nzuri". Mwalimu anayenunua nyumba yake ya kwanza husoma mwanzo, na benki vilevile. Njooni na ngazi, tochi na bisibisi. Fungueni dari penye mlango wake, gongeni boriti kwenye ncha zinazoingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hukaa. Msipoweza kufika, andikeni mwanzoni kwamba hamkufika. Ada yenu inawatosha kubeba ngazi.

Ninachowaomba wakuu wa mikopo kinaingia kwenye ukurasa mmoja: kabla ya fedha kutoka, ripoti ya mtu asiyeuza dawa, ikitaja ni mdudu gani, dalili zipi, sehemu zipi zilikaguliwa na zipi hazikufikika, kisima kiko umbali gani. Dawa iamriwe tu pale ripoti inapoihitaji, na iwe ile inayomfaa mdudu aliyeonekana. Kwa jengo jipya, picha ya kifusi na lebo kabla ya awamu ya zege kulipwa. Na kwa kuwa hakuna dawa ya ardhini ya kutegemewa kwa miaka 20, kila mwaka mnapomwandikia mteja akate upya bima ya moto, mwongezeeni sentensi ya kumkumbusha kutazama msingi na dari. Sentensi hiyo haiwagharimu karatasi ya ziada.

Mkiwa tayari kuandika ukurasa huo, msiuandikie Dar es Salaam. Njooni muuandikie hapa, mkiwa na seremala mmoja wa kijiji, fundi mwashi mmoja na mmoja wa walinzi wa viota vya kasa. Serikali ya kijiji itawapa chumba, na nyumba ya mpwa wangu iko wazi kwa yeyote atakayetaka kupanda juu kutazama boriti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ushongo

Nakala: Ofisi ya Serikali ya Kijiji, Ushongo